Kibandiko Chekundu Kwenye Kiti cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Kesho nasafiri! Picha zangu tatu zinakwenda kuonyeshwa ng'ambo, na mimi mwenyewe nakwenda nazo. Tangu asubuhi niko mbele ya kioo najizoeza kutazama mbali, kama wanavyotazama watu wenye picha ng'ambo.

Kinachonitilia mchanga kwenye wali ni Bwana Kuku. Naye amechaguliwa. Ni mchoraji mwenzangu wa mtaa wa pili. Jina halisi analo, ila hakuna anayelikumbuka, maana maisha yake yote amechora kuku. Kuku amesimama. Kuku amelala. Kuku anatazama nyuma kama aliyeitwa. Niliwahi kumuuliza kwa upole kama hakuna kiumbe kingine anachokifahamu. Akacheka, akasema kuku bado hawajamaliza kumfundisha. Mtu wa majibu ya namna hiyo si wa kuaminiwa.

Jioni wifi alikuja kuniaga. Wifi huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, mwenye duka la rangi za ukuta, misumari na mabomba. Tangu niolewe anasema rangi ni kitu cha maana sana mpaka niishike mimi. Mbele ya ukoo mzima akatoa sharti. Ikibaki ng'ambo hata picha moja, kwa mnunuzi, hatafungua mdomo wake tena. Zikirudi zote, naingia dukani kwake kusimama nyuma ya kaunta. Nikasema sawa! Kwa sauti ya juu. Ndipo akatoa aproni kwenye mfuko. Imeshashonwa. Kwa kipimo changu.

Chumbani mume wangu alinituliza, akaniambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu mwema sana. Hajawahi kuuza kitu.

Picha zenyewe ni Mlango wa Jikoni, Kamba ya Nguo, na ile kubwa, Kiti cha Mama Mkwe. Mama mkwe alikubali kukaa nimchore. Kabla sijafika hata mabegani akachoka, akaenda zake kulala. Nikachora kiti peke yake. Ukitazama vizuri utaona mto bado umebonyea.

Jumatano, 5 Juni

Nimefika! Binamu yangu alinipokea. Anaishi huku siku nyingi, ni dobi katika hoteli kubwa. Ana kitambi cha heshima na sauti nzito. Usipomjua utamwamkia mara mbili. Kabla hata ya kuniuliza habari za nyumbani, aliishika kola yangu, akasema doa hilo ni la mafuta, nisilisugue.

Jumba la maonyesho ni vyumba vyeupe pee. Sakafu ya mbao inalia kila ukikanyaga, kwa hiyo huwezi kuchunguza mambo ya watu kwa utulivu. Na Bwana Kuku kapewa ukuta unaotazama mlango! Mtu akiingia tu, kuku. Mimi nimewekwa kwenye korido ya kwenda chooni.

Nilimwendea Msimamizi, mama mrefu mwenye rundo la funguo shingoni, ambaye ndiye mwenye amri ya kila kitu mle ndani. Akanieleza kwamba korido ile ina mwanga mpole. Nikamwambia hata jela ina mwanga mpole. Hakucheka.

Bwana Kuku akasikia, akaja mbio kuniambia, dada, chukua ukuta wangu, kuku hawachagui pa kulala. Nilikataa palepale. Hakuna mwenye akili timamu anayegawa ukuta wa mbele bure. Lazima una unyevu. Baadaye nilipita nikaupapasa. Mkavu kabisa. Basi ana mtego mwingine ambao sijaujua.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kutundika. Nimejifunza jambo kubwa, na aliyenifundisha ni Bwana Kuku mwenyewe, bila kujua amempa nani silaha.

Kumbe huku picha ikipata mnunuzi hubandikwa pembeni yake kibandiko chekundu, cha duara, kidogo kama kifungo cha shati. Picha hubaki ukutani watu waendelee kuitazama, na mwenyewe huja kuichukua siku ya kufunga maonyesho. Vibandiko vyote viko kwenye droo ya meza ya Msimamizi.

Sikuweza kula mchana. Nilikuwa nawaza soko la kwetu. Muuza nyanya asiye na mteja hapati mteja. Mwenye foleni huongezewa foleni, hata nyanya zake ziwe zimepondeka. Binadamu hataki kitu kizuri, anataka kitu ambacho mwenzake amekitaka. Nani kati ya wasomi wote wa sanaa ameliona hilo? Mimi!

Walipokwenda kunywa chai nilibaki nikishika kichwa, eti kinaniuma. Droo haikuwa imefungwa. Nikachukua kimoja tu. Wazo langu: Kiti cha Mama Mkwe kipate chekundu, watu wajazane koridoni, wakikuta kiti kimeshakwenda wagombee mlango na kamba ya nguo. Mwisho nakibandua kibandiko, nasema mnunuzi amegeuka, na kiti nacho wakigombee. Kazi safi.

Kasoro moja ndogo. Vibandiko hivi vinapenda watu. Kingine kilininasa kwenye kiwiko bila mimi kujua, na aliyekibandua ni Bwana Kuku. Akacheka, akasema dada, umeshapata mnunuzi. Hakuuliza zaidi. Mtu asiyeuliza ni wa kuogopwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeula wa chuya.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Nilivaa gauni langu la kijani. Wageni walipoanza kuingia nilikwishabandika, na walijaa koridoni! Wengine walikuwa wanakwenda chooni, sikatai, lakini walipita polepole. Mzee mmoja alikitazama kibandiko, akakitazama kiti, akatikisa kichwa kwa heshima. Nilitamani wifi angekuwepo na aproni yake.

Kisha akaja mama mmoja mfupi, miwani kaifunga kwa kamba. Alisimama mbele ya kiti muda mrefu mpaka watu wa chooni wakawa wanamzunguka. Nikasogea nikajitambulisha. Akanishika mkono, hakuuachia. Ni daktari wa meno. Anafungua kliniki mpya mwezi ujao. Aliniambia, mwanangu, watu huingia kwangu wakitetemeka, na kwa muda mrefu nimetafuta picha ya kuweka pale wanaposubiri. Kiti hiki kinamwambia mtu karibu. Akaniuliza aliyekuwa amekaa pale amekwenda wapi. Nikasema amekwenda kulala. Akasema alijua tu, mto unaonyesha ni mtu asiye na wasiwasi.

Hakuna aliyewahi kuuona ule mto.

Halafu akakiona kibandiko. Akashusha pumzi. Akasema maisha yake yote amekuwa mtu wa kuchelewa.

Nikafungua mdomo kumwambia hajachelewa hata kidogo. Na hapohapo Msimamizi akatokea, akanikumbatia na funguo zake zote, akanipongeza kwa sauti, akauliza mnunuzi ni nani mbona hajaandikishwa. Daktari ananitazama. Wageni wananitazama. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, ikabidi kitu kitoke. Kikatoka kwamba ni mfanyabiashara wa meli, tumekubaliana ana kwa ana, mtu asiyependa kujionyesha.

Nilijaribu kumvuta daktari kwenye Mlango wa Jikoni. Akasema mlango ulio wazi nusu utawafanya wagonjwa wake watoroke. Kamba ya Nguo ilimkumbusha uzi wa kushonea fizi. Akaenda chumba cha mbele, akamnunua kuku. Kuku aliyelalia mayai! Bwana Kuku akabandikiwa chekundu cha haki, na Msimamizi mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Niliwahi kabla ya watu kukibandua. Nilikuwa nimeshakiinua upande mmoja kwa ukucha nikamsikia Msimamizi akikohoa nyuma yangu. Sakafu inayomlilia kila mtu haikumlilia yeye! Akaniambia kibandiko ni ahadi, na tangu jumba hilo lifunguliwe hakijawahi kubanduliwa hata kimoja. Akakikandamiza kwa dole gumba. Akasema anamsubiri kwa hamu mfanyabiashara wa meli Jumanne, siku ya kufunga.

Mume wangu akapiga simu. Nilitaka kumwambia ukweli, naapa. Lakini aliniuliza kwa sauti ya woga kama kuna dalili yoyote, na nikasikia huruma, nikasema kiti kimeuzwa. Alipiga kelele! Nikamsikia akimwambia wifi, ambaye alikuwa amekaa palepale. Kimya. Kimya kirefu. Wifi hajawahi kunyamaza tangu nimjue. Ningewezaje kuuharibu ukimya ule?

Mchana Bwana Kuku alinikuta nimekaa kwenye ngazi. Akaniambia taratibu kwamba kiwiko changu cha Alhamisi kilimweleza yote. Kisha akasema atakwenda kwa daktari na kumwomba abadilishe, arudishe kuku achukue kiti, na kwa Msimamizi atasema yeye ndiye aliyekosea kubandika. Fikiria! Anataka nimshukuru mpaka kaburini. Kila nikitambulishwa, yeye yuko pembeni anatabasamu. Nikamwambia ahsante kaka, mambo yangu nayamudu.

Nikaenda bafuni kwa binamu nikalia. Si kwa sababu ya wifi. Yule mama alikitazama kile kiti kama nilivyokitazama mimi nilipokuwa nakichora, na nimempokonya kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilipotoka nilimkuta binamu amesimama dirishani, mikono nyuma, kitambi mbele. Nikafuta machozi. Mfanyabiashara wa meli kabisa!

Jumapili, 9 Juni

Binamu alikataa. Nikamkumbusha ni nani aliyemfichia ripoti yake ya shule. Akakubali.

Suti ameileta kutoka kazini. Ni ya mgeni wa hoteli ambaye hairudii mpaka Jumatano. Inambana kidogo kwapani lakini inampa hasira ya kitajiri. Maagizo yangu kwake ni mepesi: ongea kidogo, sema kiti ni chako, usikubali kubadili neno hata mtu alie machozi. Nikikukanyaga mguu, ujue unalegea, kaza.

Aliniuliza meli zake zinabeba nini. Nikamwambia mizigo. Akauliza mizigo gani. Nikamwambia tajiri haulizi.

Jumanne, 11 Juni

Nitaandika mara moja tu, kisha nisiikumbuke siku hii.

Binamu alifika kwa wakati, amenyooka kama pasi yenyewe. Msimamizi alimpokea kwa mikono miwili. Kwa muda mambo yalikwenda. Halafu wakampeleka kwenye meza ya vinywaji, na binamu akaona doa kwenye kitambaa. Nilimwona akipambana na nafsi yake. Akashindwa. Akaliinamia, akalinusa, akamwambia Msimamizi kwamba hilo ni la matunda, aliloweke kwenye maji baridi, wala asithubutu kulipiga pasi. Msimamizi akastaajabu jinsi matajiri wa kweli wanavyojua mambo ya nyumbani kwao.

Wakamuuliza mbele ya watu kwa nini alikipenda kiti. Nilisahau kumfundisha hapo! Binamu akakitazama kwa mara ya kwanza. Akasema yeye husimama tangu alfajiri mpaka miguu ivimbe, na akiona kiti kama hicho anataka tu kukaa. Wakapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga.

Ndipo akaingia daktari wa meno, kuja kumchukua kuku wake. Akajulishwa kwa mfanyabiashara wa meli. Akavua miwani. Akamwambia, bwana, mimi sina haki ya kukuomba, ila tangu Ijumaa sijalala vizuri. Kama utakubali kuniachia kiti hiki, nitakushukuru maisha yangu yote. Kuku nitampeleka nyumbani kwangu, lakini kiti ni cha wagonjwa.

Mungu ni mwema! Kila kitu kimejirekebisha chenyewe! Binamu aseme tu ndiyo, kiti kiende kwa daktari, wifi afunge mdomo mpaka siku ya kiyama.

Binamu akatoa kifua. Akasema kiti hakitoki kwake.

Nikamkanyaga. Akaongeza sauti, akasema hata wakimpa meli. Nikamkanyaga tena, kwa kisigino. Akasema kwamba watu wa hali ya chini hawaelewi mapenzi ya sanaa. Daktari akainamisha kichwa, akaomba radhi! Nilipokanyaga mara ya mwisho binamu alikuwa amekichukua kiti ukutani, anakibeba kwapani kuelekea mlangoni, anachechemea.

Jumba hukata sehemu yake katika kila mauzo. Sehemu hiyo nimeilipa mimi, kwa kujiuzia picha yangu mwenyewe. Bwana Kuku alinisaidia kufunga mlango na kamba ya nguo kwenye magazeti. Ningependa angalau angenicheka.

Ijumaa, 14 Juni

Nyumbani. Lakini tazama jambo hili kwa utulivu: nilikwenda na picha tatu, nimerudi na mbili! Mume wangu amewaambia majirani wote kwamba kiti cha mama yake kiko ng'ambo, nyumbani kwa tajiri. Mama mkwe akasema angejua angekaa mpaka mwisho. Wifi alinipikia chai kwa mkono wake. Akaniita msanii. Nilikunywa nikitazama mbali.

Yalidumu mpaka jioni.

Ukoo una kikundi kwenye simu, kilichoanzishwa wakati wa harusi yangu, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kujitoa, si wa upande wao, si wa upande wetu. Binamu akatuma picha. Yuko sebuleni kwake na fulana ya ndani, mguu mmoja umefungwa bandeji, na juu ya kichwa chake kiti cha mama mkwe. Akaandika kwamba anamshukuru dada kwa zawadi, imeziba vizuri lile doa la unyevu la ukutani ambalo hata yeye lilimshinda.

Simu zote za sebuleni zililia pamoja. Nikawaona wakisoma. Mume wangu alisoma mara mbili, akaiweka simu kifudifudi, akaniuliza kama nimechoka na safari. Sijawahi kuona haya kama pale. Wifi hakugomba. Alitoka, akarudi na aproni. Ameipiga pasi.

Jumatatu, 17 Juni

Siku yangu ya kwanza dukani. Naandika haya nyuma ya kaunta, kati ya madumu ya rangi na boksi la misumari. Asubuhi mteja aliomba rangi ya krimu, nikamwambia krimu ni rangi ya watu waliokata tamaa. Ameondoka. Wifi ananitazama.

Lakini ngoja niandike lililotokea mchana!

Daktari wa meno amepiga simu. Bwana Kuku ndiye aliyempa namba yangu. Sijui ana mpango gani. Mama wa watu alisema kuku ni mzuri, yuko sebuleni kwake, ila ukuta wa kliniki bado mtupu na hataki kitu kingine. Akauliza kama naweza kumchorea kiti kingine. Si lazima kile kile. Chochote nilichokiona vizuri kama nilivyokiona kile. Akaniuliza, mwanangu, una nafasi?

Wifi alikuwa amesogea akasikia yote. Wifi yangu, kwa macho yangu haya, aliinua mikono miwili, akatikisa kichwa juu chini kama mtu anayeitikia dua. Akanong'ona kwamba nikubali, rangi atanipa yeye, aproni nimrudishie hata sasa hivi. Niliguswa sana. Sikujua ananitakia mema kiasi kile.

Na ni kweli moyo ulitaka kuruka. Mkono wangu ulikwishashika penseli, nikaanza kuchora mguu wa kiti kwenye boksi la misumari. Lakini mimi si mtoto. Nimetoka ng'ambo. Nikisema nina nafasi, atajiuliza mchoraji gani huyu mwenye nafasi mchana wa Jumatatu. Nikamwambia kwa sauti ya mbali kwamba nimezidiwa. Watu wamejipanga. Labda mwakani, nikipata upenyo.

Akasema anaelewa. Akaniombea heri. Akakata.

Wifi amekaa juu ya dumu la rangi. Anataka nimpigie yule mama haraka, kliniki inafunguliwa wiki chache zijazo, nimwambie nilichanganyikiwa, nimwambie lolote.

Simu inaita! Ni yeye, daktari. Nilijua tu. Nimeiweka juu ya kaunta, tunaitazama wote wawili ikitetemeka kuelekea kwenye misumari. Iite kwanza. Mtu akihangaika kidogo ndipo anapothamini. Wifi ameniuliza, karibu na machozi, kwa nini sipokei. Nimemwambia yeye hajui biashara.